Mke wa Shujaa Msimu wa Senene

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua asubuhi, jua la kuchoma mchana. Wanaume wote wa hapa Kiwaawo wako kilimani, wanafunga taa za kuwavuta senene, wanasimamisha mabati ya kuwatelezesha, wanapanga mapipa ya kuwanasa. Panzi hao wa kuliwa hawajashuka hata mmoja. Mimi nimekaa na cherehani, nina magauni ya gomesi ya Krismasi ya kumaliza. Ukuta wangu wa mbao ndio ukuta wa kibanda cha video, kwa hiyo filamu zote nazisikia nikishona, na ikininogea nafunga kazi, nalipa kiingilio, nakaa benchi la nyuma. Mwanamke ni mimi peke yangu humo ndani. Wamenizoea. Nusu ya wake zao niliwafunda mimi, hakuna wa kuniambia nikapike.

Leo mke wa shujaa alitokea, akakaanga mayai, akacheka, akapigwa risasi. Mayai hayakuwa yameiva. Shujaa alilia kidogo, akanyoa ndevu, halafu akaua watu saa nzima mpaka mwenyewe nikamsahau marehemu. Yeye alianza mlevi, akamaliza mtu wa maana. Mkewe alianza mzuri, akamaliza maiti nzuri. Miaka yote hii ya kutazama na bado sijaona mwanamke wa filamu anayeanza mtu mmoja akamaliza mtu mwingine.

Jumatano, 5 Novemba

Ukungu. Senene hawajashuka. Nimeshona mabega mawili ya gomesi, moja limepinda.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimegombana na Vijei Radi. Jina lake la ubatizo na la ukoo analijua mama yake, sisi tunamwita Radi kwa sababu ya makelele. Vijei ndiye anayekaa mbele na kipaza sauti kututafsiria filamu za Wazungu na Wachina. Kizungu chake ni cha kuunga, Kichina hajui kabisa, lakini mtu kwenye kioo akisema maneno matatu Radi anaongea mpaka chai inapoa. Na watu wa filamu anawapa majina ya hapa hapa. Mwanaume anayetaka kuwa shujaa anamnunulia bia kabla ya filamu kuanza, basi siku hiyo shujaa anaitwa kwa jina lake, na kila ngumi ikitua kibanda kizima kinamshangilia yeye aliyekaa pale anatafuna karanga. Majina ya wanawake hayanunuliwi. Radi anaokota lolote, na mara nyingi anaokota la mke wa huyo aliyenunua.

Leo kulikuwa na mama mmoja kwenye filamu aliyesimama mbele ya kundi la wanaume wenye bunduki akawasema, akawasema, mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Radi akamtafsiria: "Jamani, mpenzi wangu yuko wapi?" Basi. Ilipokwisha nilimfuata nikamuuliza maneno mengine ameyapeleka wapi.

"Shangazi, mimi natafsiri, situngi."

Nikamwambia akamdanganye mtoto mdogo. Akacheka, akasema wateja wake wakisikia mwanamke anaongea sana wanatoka kwenda kukojoa, na wakitoka hawarudi. Ni kijana mjinga mwenye meno mazuri. Sijui kwa nini najisumbua naye.

Jumapili, 9 Novemba

Wameshuka. Tangu jana usiku anga lote la upande wa kilima limekuwa jeupe kwa taa, na asubuhi wanawake wamekaa barabarani na madumu, wananyonyoa mabawa na miguu, mikono yao ya kijani. Bibiyana ameniletea kopo moja la kukaanga. Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye niliyemfunda, mimi ndiye niliyempeleka kwa mumewe Dezi, na nikaondoka na zawadi yangu ya shangazi nikiwa natabasamu.

Alipiga magoti, akanisalimia, akakaa. Bibiyana ni mpole mpaka anachosha. Nilimuuliza habari za nyumbani, akasema ni njema. Nilimuuliza kama Dezi ataleta kitambaa cha gomesi mwaka huu, maana mke akimnyonyolea mume senene, mume hamwachi na mikono mitupu. Akasema labda. Namjua tangu anatambaa na sikumbuki jambo moja alilolisema likanikaa kichwani. Angekuwa kwenye filamu, huyu angekaanga mayai.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Senene wengi. Bei imeanguka, kila mtu analalamika na mdomo umejaa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mapipa ya Dezi yamejaa kuliko ya mtu yeyote. Ameanza kutembea katikati ya barabara. Mchana aliingia kibandani na kreti zima la bia, akamwambia Radi leo asikosee jina.

Lazima niseme jambo moja hapa. Radi hazitazami filamu zake kabla. Anasema akizijua mwisho wake maneno yanakauka, anapenda kushtuka pamoja nasi. Kwa hiyo filamu ilipoanza, shujaa akatokea akiwa anafungua gari, Radi akanguruma: "Huyu ndiye Dezi, mwanaume wa mapipa." Makofi. Akatokea mwanamke mlangoni, amevaa gauni la njano, akambusu. "Na huyu Bibiyana wake." Makofi tena, Dezi akajipiga kifua. Mimi pia nilipiga makofi, ni binti yetu.

Katikati ya filamu shujaa akasafiri. Yule wa gauni la njano akafungua mlango, na aliyeingia hakuwa mumewe. Wakakumbatiana hapo hapo. Radi akanyamaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza. Benchi la mbele mtu akaanza kucheka, na kicheko kikarudi nyuma benchi kwa benchi, wakawa wanapiga kelele: "Radi, tafsiri." Alikuwa ameshampa jina, hawezi kulichukua tena. Akakohoa, akasema, "Tulia jamani, huyo ni fundi umeme, amekuja kumwangalizia swichi."

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Wiki nzima hii aliyekuwa nyumbani kwa Dezi akifunga taa za senene ni Ssempala, fundi umeme, na hakuna asiyejua. Na mimi nilicheka. Ilichekesha.

Shujaa aliporudi akawakuta. Alimpiga mkewe kofi, na wanaume wakahesabu kwa sauti, na kila kofi wakasema ongeza. Nilimtazama Dezi. Kila mtu alikuwa anamtazama Dezi. Alisimama kabla filamu haijaisha, akatoka, na bia zake akaziacha.

Ijumaa, 14 Novemba

Alfajiri nilisikia mtu anakwaruza mlango. Nilidhani ni mbwa. Ni Bibiyana, amebeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Jicho limeziba. Mdomo umevimba, na damu imekauka mpaka kifuani. Nilipomshika begani akaniomba nisimshike.

Nilimkalisha, nikachemsha maji. Alinisimulia bila kulia na bila kupandisha sauti, na nilikasirika kwamba hata hivi analeta upole. Dezi alirudi akamuuliza swichi gani imeharibika. Yeye hakuelewa. Akasema swichi zote zinafanya kazi. Ndipo akachukua bomba la chuma, lile la kusimamishia mabati.

"Alikuwa anarudia, Shangazi. Anapiga, anasema, tulia, huyo ni fundi umeme. Anapiga, anasema, tulia. Mimi nilikuwa sijui maneno hayo yametoka wapi."

Mimi nilijua. Nilimpeleka kwa mganga wa zahanati akafungwa mkono, mfupa umevunjika mahali pawili, halafu nikaenda kibandani nikamkuta Radi anafagia maganda ya karanga. Nilimwambia alichokifanya. Akakaa chini juu ya ufagio wake.

"Nilikuwa sijaiona," akasema. "Naapa nilikuwa sijaiona ile filamu."

"Ungenyamaza."

"Nikinyamaza wananirushia chupa. Unajua wewe. Upo humo kila siku."

Nikamwambia kesho atangaze kwenye hicho kipaza sauti kwamba yalikuwa maneno yake mwenyewe, hakuna fundi, hakuna swichi. Akasema akitangaza ndiyo wataamini zaidi. Kijana ni mjinga lakini hapo alisema kweli, na hilo lilinikera kuliko mengine yote.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua bila kupumzika. Bibiyana yuko kwangu, ananyonyoa senene kwa mkono mmoja. 

Alhamisi, 20 Novemba

Dezi alikuja kuomba radhi kama inavyotakiwa, na wazee wawili wa ukoo wake. Mke aliyekimbia yuko kwa shangazi, mume anakuja kumwomba, shangazi anasikiliza, anatoza, anarudisha. Nimeifanya kazi hii mara nyingi, na nimevaa gomesi yangu ya heshima.

Walileta jogoo, kitambaa cha hariri cha rangi ya zambarau, na debe zima la senene. Dezi alilala kifudifudi kwenye mkeka wangu. Alilia. Alilia vizuri sana, akasema shetani, akasema pombe, akasema watu wa kibandani wamemwaibisha na yeye ni mwanaume. Wazee wakatikisa vichwa. Nilijikuta namwonea huruma, na hapo nilipaswa kujishtukia, maana huruma hiyo naijua: ni ile ninayomwonea shujaa akianza kunyoa ndevu. Tulikaa tukimtazama yeye anavyobadilika. Bibiyana alikuwa pembeni, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

Nilimtoza, nikamkemea, nikamwambia akimgusa tena atanijua. Nikasema mke arudi nyumbani kwake.

"Shangazi, mimi sijaulizwa," Bibiyana akasema.

Nilimwambia aulizwe nini tena, mume amekiri mbele ya wazee. Akainama, akachukua kitambaa chake, akawafuata.

Jumamosi, 22 Novemba

Kibandani kulikuwa na mwanamke wa Kichina anayepigana. Aliwaangusha wanaume kundi zima na nywele hazikuvurugika. Nilifurahi kama mtoto, nikampigia makofi, na nilipofika nyumbani nikaanza kumfikiria nikaona hana mama, hana shoga, hana mtoto, hali chakula. Ni yule yule shujaa, wamemvalisha sketi. Bado nawadai mwanamke.

Jumanne, 25 Novemba

Mwezi mkubwa. Mwezi ukiwaka senene hawazifuati taa. Mapipa ya Dezi matupu na jenereta inakunywa mafuta. Akipita barabarani vijana wanamwuliza, "Dezi, swichi vipi?" Nawasikia dirishani. Wanauliza kwa heshima kabisa, kama watu wanaojali umeme.

Jumatano, 26 Novemba

"Swichi vipi?" Tena. Na tena jioni.

Jumapili, 30 Novemba

Nilipata habari kwa watu wengine. Hilo niliandike kwanza.

Alhamisi mapipa yalikuwa matupu tena. Vijana walimwuliza habari za swichi, Dezi akarudi nyumbani akamkuta Bibiyana anapanga mabati kwa mkono wake mmoja mzima. Akalivuta bati alilolishika. Ukingo wa bati jipya unakata kuliko panga, kila mtega senene anajua na ndiyo maana wanafunga vitambaa mikononi. Akalivuta mara ya pili, naye amelishika. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki kwenye majani. Halafu akamkanyaga mkono ule uliovunjika. Jirani aliyenisimulia anasema kuku walikimbilia pale majanini na yeye aliwafukuza kwa mawe.

Bibiyana hakuja kwangu. Alijifunga kanga mkononi, akatembea mpaka barabara kuu, akapanda bodaboda hadi polisi, akasimama mbele ya askari damu ikimdondoka sakafuni kwao, akataka aandikiwe maelezo kabla ya kupelekwa hospitali. Askari alimwambia aende akatibiwe kwanza. Akasema hatoki. Huyu ni Bibiyana niliyemwona hana neno.

Leo nimemtoa hospitali. Nilimwambia pole mara nyingi mpaka akaniambia inatosha. Dezi yuko ndani. Kesi itasikilizwa Januari na Bibiyana ameambiwa atasimama mbele ya hakimu aseme mwenyewe.

Alhamisi, 4 Desemba

Anakaa kwangu. Mchana nashona, yeye ananiangalia, na anajifunza maneno yake. Anayasema kwa sauti, anarudi nyuma, anabadilisha. "Mimi ni Bibiyana Nakyanzi. Mume wangu aliniuliza swichi gani imeharibika, nikamjibu." Huanzia hapo kila mara. Ana njia yake ya kuyasimulia na haifanani na yangu. Mimi ningeanza na bomba.

Nilimshauri akifika kwenye vidole alie kidogo. Hakimu ni mwanaume, atalainika.

"Sitalia," akasema. "Nikilia wataniambia nikae nipumzike. Mimi nataka nimalize."

Nilimuuliza anataka Dezi afungwe miaka mingapi. Alifikiri, akasema hajali sana miaka. Anataka Dezi asimame pale akae kimya, na yeye aongee, na mtu mwingine aandike. Akasema tangu aolewe hajawahi kumaliza kusema jambo moja Dezi akiwa chumba kile kile. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mstari mzima bila uzi ndipo nikagundua.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua. Senene wamerudi kidogo. Bibiyana alijaribu mwanzo mwingine, amerudi kwenye ule wa swichi.

Jumatano, 10 Desemba

Dezi ametolewa kwa dhamana mpaka Januari. Amepita mbele ya mlango wangu na baiskeli, akasalimia kwa adabu: "Shangazi, habari za mchana." Bibiyana alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia meno yake yanagongana. Baadaye akanywa maji akaanza tena, mimi ni Bibiyana Nakyanzi.

Kwa hasira nimemharibia mteja kola.

Jumatatu, 15 Desemba

Jana mchana Dezi aliingia kibandani na shati jipya. Nilimsikia kupitia mbao. Watu walimsogezea nafasi benchi la mbele. Alimnunulia Radi bia.

Niliacha kazi, nikaenda, nikalipa, nikakaa. Nilitaka kuona kama atathubutu. Radi alianza kwa sauti ndogo, na shujaa alipotokea akasema, "Huyu Dezi," bila ngurumo. Makofi yakaja hivyo hivyo. Halafu akatokea mke wa shujaa, na Radi akasema, "Huyu ni mkewe." Basi. Wakapiga kelele ataje jina. Radi akatazama chini. Mmoja benchi la kati akainua mkono wake juu, amekunja vidole viwili, na kicheko kikaanza, kile kile, benchi kwa benchi. Dezi naye alitabasamu.

Niliinuka. Nilipita katikati ya magoti yao mpaka mbele, na sijui nilitaka kufanya nini, labda kumpiga Dezi kofi tu. Radi aliniona ninavyokuja, akaniwekea kipaza sauti mkononi.

"Shika, Shangazi. Mimi nimechoka."

Kwenye kioo kulikuwa na adui wa shujaa, mwanaume mwenye koti jeusi, anampiga mtu kwenye ngazi. Nikasema: shujaa mmekosea. Dezi ni huyu, mwenye koti. Sauti yangu ilitoka kwenye spika mbili, kubwa, nikaipenda.  Nikawaambia bomba la chuma, mahali pawili lilipovunja. Nikawaambia alikuwa anarudia maneno gani kila pigo. Nikawaambia kundi zima la watu waliomwuliza swichi vipi, nikawataja kwa majina ya baba zao. Nikawaambia bati, na kidole cha kwanza, na cha pili, na kuku. Nikasema: na bado mnakaa naye benchi moja mnamshangilia.

Chupa ya kwanza ilimpata Dezi sikioni. Waliomfikia mwanzo ni wale wale wa swichi vipi. Walimwangusha mbele ya kioo, filamu ikiwamulika migongoni, na yule shujaa naye wakati huo huo alikuwa anavunja mtu mbavu, milio ya ngumi ikachanganyika hata sikujua ipi ni ya wapi. Waling'oa ubao wa benchi, na ubao una misumari. Alipojaribu kutambaa mtu alimkanyaga mkono, kwa makusudi, akipiga kelele, "Huu wa Bibiyana." Wakaanza wote. Huu wa Bibiyana. Na huu wa Bibiyana.

Sikusema mpigeni. Lakini nilitaja vidole mara ya pili, na nilijua kwa nini navitaja.

Halafu aligeuza uso upande wangu na haukuwa uso tena. Nikasema acheni. Nikasema basi, jamani, acheni, mtamuua. Yalitoka kwenye spika zile zile, kwa ukubwa ule ule, na hakuna aliyegeuka. Maisha yao yote wamesikia sauti inaongea wakati wanaume wanapigana. Nilikitupa kile kipaza sauti chini nikamshika mmoja shati, akanisukuma nikaangukia mapipa ya soda. Radi akachomoa waya. Giza likaingia, na gizani mapigo yaliendelea, sasa bila filamu.

Dezi amekufa leo asubuhi hospitali.

Jumanne, 16 Desemba

Polisi wamekuja. Wamechukua watu, wengine wamekimbilia visiwani. Radi amekimbia. Kibanda kimefungwa kwa mnyororo. Niliwaambia polisi nilichokisema, chote. Askari akaniuliza kama nilisema wamuue. Nikasema hapana. Akaniambia nisisafiri.

Ijumaa, 19 Desemba

Wamemzika. Bibiyana alikaa pale panapotakiwa kukaa mjane, na mama yake Dezi akamtemea mate usoni mbele ya watu. Hakujifuta. Mikono yake yote miwili imefungwa bendeji, na mimi nilikuwa mbali, sikuruhusiwa kukaribia.

Jumanne, 23 Desemba

Senene wamekwisha. Kilimani wanashusha mabati.

Asubuhi walikuja wanaume watatu wa kibandani, wale ambao polisi hawakuwashika, wakamletea Bibiyana kuku mmoja wa Krismasi. Wamebadilika hao. Wanatembea wima, wanaongea kwa sauti ya chini, mmoja amenyoa. Yule wa mbele akasema, "Tumekulipizia, dada. Sasa lala usingizi." Bibiyana alipiga magoti akawashukuru, kama nilivyomfundisha. Mlango ulipofungwa akamfungua kuku kamba, akamwachia atoke kwa dirisha.

Jana alikuwa amekwenda polisi kuuliza tarehe ya Januari. Walimwambia hakuna tarehe. Mshtakiwa akifa kesi imekufa naye. Aliwauliza kama anaweza kuja hata hivyo akasema aliyonayo, na wakamwambia, kwa upole, amwambie nani.

Leo mchana aliniomba nimweleze yote niliyoyasema kibandani, neno kwa neno, kwa sababu kila mtu Kiwaawo anayajua isipokuwa yeye. Nilimweleza. Nilijaribu kuyasema kama yalivyokuwa. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono wenye vidole vitatu juu ya goti, na nilipomaliza akasubiri, kama mtu anayejua kuna kipande kimebaki.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nilisema nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa kweli, nimekaa na swali lake mpaka sasa taa inaisha mafuta. Bomba nililitaja. Bati nililitaja, na kuku, na vidole mara mbili. Yeye sikumpa hata neno moja.